Siyo upepo, ni saa: kuhusu ile tabelo ya ndege Lubumbashi–Kinshasa

Bwana Mhariri,

Salamu toka Lubumbashi. Gazeti lenu nalisoma kila likinifikia, mara nyingi limechelewa maana linapita mikononi mwa watu watatu wanne kabla ya kufika kwangu, ila nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Leo naandika sababu ya ile tabelo (jedwali) mliyoweka, ile ya umbali kati ya miji na muda wa ndege. Mliandika kwamba toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ndege inachukua saa moja na dakika ishirini, kisha kurudi, Kinshasa mpaka Lubumbashi, eti masaa matatu na dakika ishirini, na chini yake mkaeleza kwamba sababu ni upepo, ndege ikirudi huku inapigana na upepo. Bwana Mhariri, hapo nakataa. Hakuna upepo wa namna hiyo juu ya Kasai, katikati ya njia hiyo. Upepo wa kuchelewesha jeti masaa mawili mazima kwenye safari fupi hivi, ungekuwepo, hata marubani wenyewe wangekataa kuruka.

Mimi kazi yangu ni taksi. Nangojea watu pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na mtu anayengojea watu uwanja wa ndege anajifunza saa kuliko anayepanda ndege, maana anayepanda anakaa tu mpaka waseme tumefika, shukeni, lakini mimi nikikosa saa nakosa mteja, ao nakaa kwenye jua naangalia geti bure. Kwa hiyo haya mambo nayajua kwa tumbo kwanza, hesabu zikafuata nyuma.

Nchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa, Kongo-Central, na ile yote iliyokuwa Bandundu na Équateur wanafuata saa yao, sisi wa Katanga pamoja na Kasai, Kivu, Maniema na kule Kisangani tuko mbele yao saa moja. Hili si siri. Habari ya 20h (saa mbili ya usiku) ya televisheni ya taifa kwetu inaingia 21h. Timu yetu ya mpira, Mazembe, ikienda kucheza na AS Vita kule Kinshasa, wakisema mpira unaanza 15h30, hakuna mtu wa Kamalondo, mtaa wa hapa kwetu, atakayekosea, wote wanajua ni 16h30 ya huku na viti vya baa vinajaa kwa saa yake. Lakini mtu huyo huyo mpe tiketi ya ndege, anasahau kila kitu!

Kwenye tiketi, saa ya kuondoka inaandikwa ya mji unaotoka, na saa ya kufika inaandikwa ya mji unaofika. Dunia nzima wanafanya hivyo. Sasa ndege ikitoka Luano 12h00 ya kwetu, ikaruka masaa mawili na dakika ishirini, inatua N'djili, uwanja wa Kinshasa, wakati huku kwetu ni 14h20, ila saa ya ukuta wa pale itaonyesha 13h20, na ndivyo tiketi itakavyosema, 12h00–13h20. Mtu wenu aliyetengeneza tabelo akatoa moja kwenye nyingine, akapata saa moja na dakika ishirini. Kurudi, inatoka N'djili 12h00 yao, inaruka yale yale masaa mawili na dakika ishirini, huku inafika 15h20 yetu. Akatoa tena, akapata matatu na ishirini, akaona mbona hazilingani, akatafuta wa kumtupia, upepo ukapatikana.

Nataka niwape dawa moja rahisi. Chukua muda wa kwenda kama tiketi inavyoonyesha, chukua na wa kurudi, jumlisha, gawa kwa mbili. Saa 1 na 20, jumlisha masaa 3 na 20, ni masaa 4 na dakika 40, nusu yake masaa 2 na dakika 20. Basi ndiyo safari hiyo. Ile saa iliyoongezwa upande mmoja inafutwa na iliyopunguzwa upande wa pili, na hata upepo ukiwemo kidogo nao unajifuta karibu wote. Hii inafanya kazi kwa miji yoyote miwili, hata kama hujui iko kwenye saa gani. Mngefanya hivi tu kabla ya kuchapa.

Na kama bado mnaupenda huo upepo, wekeni hii kwenye ramani. Toka Lubumbashi chora mistari mitatu iliyonyooka. Wa kwanza nenda Kinshasa, ni karibu kilometa 1,550. Wa pili nenda Nairobi, ni kilometa 1,540 na kitu, yaani karibu sawasawa na Kinshasa. Wa tatu nenda Johannesburg, ni kama 1,610. Mimi niliposikia hii mara ya kwanza nilikataa, maana kichwani mwetu Kinshasa ni nyumbani na Nairobi ni nje ya nchi, mbali, pasipoti, viza, lakini ndege haijui pasipoti. Hata Dar es Salaam, kwa mstari wa moja kwa moja, iko karibu na sisi kuliko Kinshasa, kama kilometa 1,390 hivi. Mnaona basi hii nchi ilivyo, kilometa za mraba zaidi ya milioni mbili na laki tatu, mtu wa Lubum anawafikia wakubwa wa nchi nyingine kabla hajafika kwa wakubwa wake.

Sasa hiyo miji mitatu, umbali karibu mmoja, ndege ya aina moja, muda wa hewani utatofautiana dakika chache tu. Tuseme zote tatu ni masaa 2 na dakika 20 ili tusisumbuke. Zote ziondoke Luano 12h00. Ya Kinshasa tiketi itasema inafika 13h20, sababu wao wako nyuma yetu. Ya Johannesburg itasema 14h20, sababu saa ya Afrika Kusini na ya kwetu ni ile ile. Ya Nairobi itasema 15h20, sababu Kenya wako mbele. Mtu wa tabelo yenu angeandika kwamba Nairobi ni mbali mara mbili na nusu ya Kinshasa! Na upepo angeupeleka wapi, uvume mashariki na magharibi kwa wakati mmoja?

Sisemi upepo haupo. Upo, na ni mkubwa, ila makazi yake ni kwingine. Kule Ulaya na Marekani, juu sana, kilometa tisa kumi kwenda mpaka kumi na mbili, kuna mto wa hewa unaokimbia toka magharibi kwenda mashariki, siku nyingine unapita kilometa 200 kwa saa. Ndiyo maana London mpaka New York, kilometa kama 5,540, kwenda ni karibu masaa nane na kurudi ni saba ao chini ya hapo. Februari 2020, kukiwa na dhoruba kubwa Ulaya, Boeing 747 moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, upepo ukiisukuma nyuma. Huo ndio upepo wa kuongelea. Lakini Kinshasa iko digrii nne tu chini ya Ikweta, sisi tuko kama kumi na moja na nusu, huku kwetu hewa ya juu si kali hivyo, tofauti ya kwenda na kurudi inabaki ya dakika. Kinachosumbua zaidi ndege zetu ni mawingu ya mvua, toka Novemba mpaka karibu Aprili, yanasimama marefu kama yamejengwa na rubani anayazunguka, hapo ndiyo unaweza kuongeza dakika kumi, kumi na tano.

Watu wananiuliza, basi mbona masaa 2 na 20, si jeti inakimbia kilometa 830 kwa saa? Ukigawa 1,550 kwa 830 unapata kama saa moja na dakika 52. Kweli. Ila ndege haianzi na kasi hiyo toka ardhini na haifiki nayo. Inatembea polepole kwenda kwenye pisti, inangoja wenzake, inapanda, kule mwisho inashuka mwendo mdogo, inapanga foleni, inatua, inatembea tena mpaka inaposimama. Muda unaoandikwa kwenye ratiba unahesabiwa toka inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa, kwa hiyo weka nusu saa juu ya ile hesabu ya kugawa na utakuwa karibu na ukweli. Kama ni ndege ya propela, zile zinazokimbia kama kilometa 500 kwa saa, basi hesabu upya, hiyo ni masaa matatu na zaidi na usimlaumu mtu.

Halafu hiyo kilometa 1,550 ni ya ndege, si ya mtu. Hili nalo tabelo yenu haikusema, iliandika tu "umbali". Kwa barabara, ile ya taifa namba moja, unapita Likasi, Kolwezi, unapanda mpaka Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, ni zaidi ya kilometa 2,000, na wakati wa mvua hizo si kilometa tena, ni siku, ni wiki, madereva wa malori wanajua wao, kuna waliopika bukari chini ya lori mpaka unga ukaisha. Treni? Reli yetu ilifika Lubumbashi mwaka 1910, wakati huo mji ndiyo unazaliwa, ikitokea upande wa Rhodesia, na mwaka 1928 ikaunganishwa mpaka Ilebo kwenye mto Kasai. Na hapo ikaishia. Mpaka leo hakuna reli ya kutoka Ilebo kwenda Kinshasa, unashuka na mizigo yako unatafuta mashua. Karibu miaka mia moja, hata serikali zote zilizopita zimekuta reli inaishia Ilebo na kuiacha inaishia Ilebo. Samahani natoka nje ya mada, lakini hii inaniuma, sababu ndiyo inayofanya mtu mwenye mgonjwa ao mwenye masomo ya mtoto asiwe na njia nyingine ila ndege, na mtu asiyekuwa na njia nyingine ndiye anayehitaji kuambiwa saa ya kweli.

Nitawaambia kitu nilichoona. Kulikuwa na mama mmoja, toka upande wa Kasenga, alikuja Luano kumpokea binti yake anayetoka Kinshasa. Ajansi moja kule Kinshasa, jina naliacha, ilimwambia mtoto kwamba ndege inatoka 10h00 na safari ni saa moja na dakika ishirini, kosa lile lile la kwenu, walisoma tiketi ya kwenda wakaiweka kwenye ya kurudi. Mtoto akampigia mama, mama akajumlisha, akapata 11h20. Ukweli ni kwamba 10h00 ya Kinshasa kwetu ni 11h00, na ndege inafika 13h20. Basi yule mama 11h20 imefika, hakuna ndege. Saa sita na nusu ya mchana hakuna ndege. Simu ya mtoto imezimwa, ndiyo maana yake yuko hewani, lakini mama anajua tu kwamba simu haiiti. Akaanza kupita kwa kila mtu.

"Papa, ile ndeke ya Kinshasa iko wapi?"

"Bado, mama, ngojea."

"Ilipashwa kufika tangu zamani. Batu banasema nini? Iko kintu banaficha?"

Mimi nikamkalisha kwenye gari, nikamwambia mama yangu, hakuna kitu kinafichwa, ndege haijachelewa hata dakika moja, ile saa waliyokupa njo mbaya. Hakuniamini. Na ataniaminije, mimi taksimani, wakati mtoto aliambiwa na watu wa ofisi wenye kompyuta? Alikaa anaomba Mungu mpaka ndege ilipotua, kwa saa yake. Mnajua nchi hii na ndege zake, mnajua mtu akisikia ndege haijafika anafikiri nini. Masaa mawili ya namna ile si kitu kidogo, na yalitoka kwenye hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa shule ya msingi angeirekebisha.

Kuna na ubaya mwingine ambao hauonekani haraka. Ukitoka huku kwenda Kinshasa na umesahau kurudisha saa nyuma, utafikiri umechelewa kumbe bado una saa nzima, unakimbia bure, unatoka jasho, basi. Lakini anayekuja toka Kinshasa na saa ya Kinshasa mkononi, kisha ana ndege nyingine ya kuunganisha hapa Luano, tuseme ya Johannesburg, huyo anaona bado ana muda wa kunywa kitu, anakaa, anasikia jina lake kwenye spika, anashangaa, geti limefungwa. Kwenda magharibi kosa linakupa saa, kwenda mashariki linakunyang'anya. Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na China wakipitia Nairobi ao Addis-Abeba wanajua uchungu huu, maana kule wako saa moja mbele yetu na mbili mbele ya Kinshasa.

Simu nazo zinasaidia na zinaharibu. Ikishika mtandao inajirekebisha yenyewe, vizuri, lakini nyingine haijirekebishi mpaka uizime na kuiwasha, na kuna watu wamezima hiyo kitu ya saa kujiweka. Mnaweza kuangalia wenyewe, kwenye orodha ya miji ya saa, nchi yetu imepewa majina mawili, Kinshasa na Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, na wewe unaishi Katuba, huku Lubumbashi, utakuwa nyuma ya majirani zako wote kila siku.

Mtu atasema, sasa mbona wakubwa wasiweke saa moja nchi nzima, tumalize. Mimi sipendi. Jua lenyewe halikubali. Dunia inazunguka digrii kumi na tano kwa saa moja, Kinshasa iko kwenye digrii 15 hivi, sisi tuko kwenye 27 na nusu, tofauti ni kama kumi na mbili, ambayo ni karibu dakika 50 za jua. Tukifuata saa ya Kinshasa, huku mwezi wa sita jua lingezama karibu 17h, watoto wa shule za alasiri wangerudi gizani. Acha kila upande ukae na saa yake, kitu kinachotakiwa ni kuiandika tu.

Na sasa nije kwa jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote, kwamba muda wa ndege na muda wa safari ni vitu viwili, na tabelo yenu imeviweka kimoja. Wa kwanza kuruka toka Brussels mpaka Kinshasa, wakati huo Léopoldville, alikuwa Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili, mwaka 1925. Waliondoka tarehe 12 Februari wakafika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Lakini hewani walikuwa masaa kama 75 tu, siku zilizobaki ni kutengeneza, kungoja, kukwama. Leo ndege ya Brussels–Kinshasa inakwenda kilometa 6,230 na kitu kwa masaa kama nane, na bado sisi wa Lubum tunaweza kumaliza siku nzima na zaidi kufika Brussels. Sababu si umbali. Mstari ulionyooka toka Luano mpaka Brussels ni kama kilometa 7,300. Ukipitia Kinshasa ni kama 7,800, ukipitia Addis-Abeba ni kama 8,200. Tofauti ya njia zote hizi ni nusu saa, saa moja ya kuruka. Kinachokula siku ni pale katikati, kukaa kwenye viti vya chuma kungoja ndege ya pili. Kwa hiyo mtu akiniuliza nipitie wapi, simwambii kilometa, namwuliza kwanza utangoja masaa mangapi.

Na hata bila kuunganisha. Kwenda Kinshasa tu, unatakiwa Luano mapema, bagaji ipimwe, Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege) ilipwe, karatasi ziangaliwe na huyu, na yule, na mwingine ambaye hujui anaangalia nini. Unaruka masaa 2 na 20. Unafika N'djili, bagaji inakuja ikitaka. Kisha kilometa kama 25 mpaka Gombe, mtaa wa ofisi kubwa, kwa Boulevard Lumumba, na hapo ndugu zangu wa Kinshasa wanisamehe, siku ya ambutiyaji (foleni ya magari) mbaya hizo kilometa 25 zinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kuvuka Kasai nzima. Mtu akipanga mkutano Gombe kwa sababu gazeti lilisema safari ni saa moja na ishirini, hatafika.

Wakati mwingine hata ndege yenyewe haipiti pale ramani inaposema. Wazee wa hapa hawajasahau Septemba 1961, wakati wa vita vya Katanga, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipotoka Léopoldville kwenda Ndola kukutana na Tshombe, kiongozi wa Katanga. Ndola si mbali na sisi, watu wa hapa wanaenda na gari. Lakini ndege yake haikunyoosha njia, ilizunguka mashariki mpaka Ziwa Tanganyika ili isipite juu ya Katanga, ikakaa hewani zaidi ya masaa sita, usiku ikaanguka karibu na Ndola. Nataja hii kwa sababu wapo wanaofikiri umbali wa ndege ni rula tu na penseli. Anga nayo ina mipaka, ina sehemu zilizofungwa, ina vita, na rubani anazunguka, na kilometa zinaongezeka bila miji kuhama.

Basi Bwana Mhariri, ombi langu, maana sikuandika kuwacheka. Mkirudia hiyo tabelo, andikeni kila saa na mji wake, "10h00 ya Kinshasa, 13h20 ya Lubumbashi", haichukui nafasi. Pembeni wekeni muda wa hewani, uwe mmoja tu kwa kwenda na kurudi. Kwenye umbali semeni kama ni wa ndege ao wa barabara. Brussels, ambapo nusu ya familia za hapa zina mtu, kumbukeni kwamba wanabadilisha saa, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kiangazi chao wako sawa na sisi, na baridi yao wako sawa na Kinshasa, tabelo moja haiwezi kutosha mwaka mzima. Na mambo ya upepo toeni.

Mmeweka pia Goma upande wa Kinshasa lakini hamkuweka Goma na Lubumbashi, na hapa tuna watu wengi wa Kivu wanaouliza. Kwa mstari wa ndege ni kama kilometa 1,125, saa ni moja, hakuna cha kubadilisha. Bukavu ni karibu zaidi, kama 1,035. Na toka Kinshasa kwenda Goma ni kama 1,560, yaani sisi na watu wa Goma tuko mbali na mji mkuu kipimo karibu kimoja, hiyo mnaweza kuichapa kama ilivyo, haina kosa.

Wenu,

Taksimani wa Luano,
Kampemba, Lubumbashi